Maji ya udobi: nimetia shabu yakageuka maziwa. Nimekosea wapi?

Dobi wa Uwandani

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Ninaendesha kazi ya udobi upande wa kusini-mashariki wa Unguja, karibu na Paje, na wateja wangu wakubwa ni nyumba ndogo za wageni. Kwa siku ninafua kilo 135 hivi za mashuka, foronya na taulo kwa mashine mbili za kilo 15, yaani mizigo tisa. Kila mzigo unafuliwa mara moja na kusuuzwa mara tatu, na kila hatua inachukua lita 75, kwa hiyo mzigo mmoja unakula lita 300 na siku nzima lita 2,700. Kisima changu kina maji ya chumvichumvi ambayo hayatoi povu hata ukimimina sabuni nusu pakiti, hivyo maji yote ninayanunua kwa boza. Boza la lita 10,000 halinifikishi siku nne.

Mwezi uliopita niliamua kuyasafisha maji yanayotoka ili niyatumie tena. Nilielekeza mabomba yote ya mashine kwenye tangi moja la lita 2,000, nikachukua mapande matatu ya shabu, lile jiwe jeupe la kutakasia maji, kila moja kama ngumi, nikayafunga kwenye kitambaa na kuyazungusha ndani ya maji kama alivyokuwa akifanya bibi yangu kwenye mtungi. Maji hayakutakata. Yaligeuka meupe kama maziwa yaliyotiwa maji na yakabaki hivyo. Nikasema labda yanahitaji muda, nikayafunikia tangini kuanzia Jumatano usiku hadi Ijumaa asubuhi, na nilipofungua kifuniko harufu ya mayai viza ilinifukuza. Hata hivyo, kwa ubahili wangu, niliyapitisha kwenye pipa la mchanga wa pwani na kuyatumia kufulia mzigo mmoja. Taulo nyeupe zilitoka za kijivu, na mteja alinirudishia mashuka kumi na mawili.

Ninaomba kujua nilipokosea, na kama jambo hili linawezekana kwa dobi wa kiasi changu. La mwisho, wazee wa msikiti wa jirani huniletea kanzu zao za Ijumaa. Je, kanzu iliyofuliwa kwa maji ya namna hii inafaa kwa sala?

Fundi Tangi

Ndugu yangu, usijisumbue na shabu. Nunua mtambo wa kuchujia wa utando kama ule wanaotumia mahoteli kusafishia maji ya bahari. Unatia maji machafu upande huu, upande wa pili yanatoka matamu kabisa, na kisima chako cha chumvi nacho utakuwa umekipatia dawa.

Mhandisi Mstaafu

Waalaikumu salaam, ndugu Dobi. Nimefanya kazi ya maji na majitaka kwa miaka mingi, na makosa uliyoyafanya nimeyaona yakifanywa na watu wenye bajeti kubwa kuliko yako, kwa hiyo usione haya.

Nianze na utando, kwa kuwa Fundi Tangi ameutaja. Kwa maji ya kisima chako ushauri wake una maana, na ukipata fedha uufikirie kwa kazi hiyo. Kwa maji ya udobi yasiyotayarishwa, hapana. Nyuzi za taulo, mafuta ya ngozi na hasa kilainishi cha nguo hugandamana na utando huo mpaka ukaziba, na kuusafisha kunahitaji dawa na ujuzi. Utando ni hatua ya mwisho ya safari ndefu, na wewe bado hujatoka mlangoni.

Kosa lako la kwanza lilitokea kabla ya shabu, pale ulipoyaunganisha mabomba yote kwenye tangi moja. Maji ya kufulia yana sabuni, mafuta na uchafu wote wa mgeni. Suuzo la kwanza limebeba mabaki ya hayo. Suuzo la tatu, lakini, ni maji uliyoyalipia boza juzi na ambayo yamepita kwenye shuka ambalo limekwisha kuwa safi. Ulipoyachanganya, uliyachafua maji mazuri kwa maji mabaya, kisha ukajitwika kazi ya kuyasafisha yote.

Weka tangi dogo la pembeni na vali mbili kwenye bomba la kutolea maji. Maji ya kufulia na suuzo la kwanza yaende kwenye shimo la majitaka. Suuzo la pili na la tatu, lita 150 kwa jumla, yaingie kwenye tangi la pembeni kupitia kichujio cha nyuzi. Mzigo unaofuata utaufulia kwa lita 75 za tangi hilo, na suuzo lake la kwanza litatumia lita 75 zilizobaki. Maji mapya ya boza yatahitajika kwa masuuzo mawili ya mwisho tu. Mzigo uliokula lita 300 utakula 150, na hujatumia hata chembe ya dawa. Mitambo mirefu ya kufulia ya viwandani, ile ambayo nguo huingia upande mmoja na kutokea mwingine huku maji yakienda kinyume chake, hufuata kanuni hii hii.

Sasa shabu. Sabuni imetengenezwa makusudi kuuning'iniza uchafu ndani ya maji usirudi kwenye nguo, na wewe unautaka uchafu huo huo uzame; kwa hiyo unashindana na kitu ulichokinunua kwa fedha yako. Chembe zile zina chaji hasi na zinasukumana, na kazi ya shabu ni kuleta chaji chanya ili zishikane ziwe mabonge. Maji ya mtungi wa bibi yalikuwa na udongo kidogo tu, ndiyo maana kuzungusha pande la shabu kulitosha. Maji ya udobi yana mzigo mkubwa zaidi, na tena ni makali, yaani yako upande wa magadi, kinyume cha tindikali: ukiyapima kwa karatasi ya pH, kipimo ambacho 7 ndiyo katikati, si ajabu ukapata 10. Shabu hufanya kazi vizuri kati ya 6 na 7.5, kwenye maji makali alumini yake huyeyuka badala ya kufanya mabonge. Shabu yenyewe, ikiyeyushwa, ina tabia ya tindikali na huishusha pH, lakini mapande yako matatu hayakuyeyuka vya kutosha kuifikisha huko. Hayo ndiyo maziwa uliyoyaona.

Usikisie kipimo. Yeyusha gramu 10 za shabu iliyosagwa katika lita moja ya maji safi, ili kila mililita iwe na miligramu 10. Panga chupa sita za lita moja zenye maji yako machafu, kisha tia mililita 10 za mchanganyiko huo katika ya kwanza, 20 katika ya pili, na kuendelea hadi 60. Kwa bomba la sindano la duka la dawa ni kazi ya dakika tano. Koroga kwa nguvu dakika moja, koroga polepole dakika kumi na tano, kisha ziache nusu saa bila kuzigusa. Chupa ambayo mabonge yake yanafanana na pamba iliyoloa na yanazama, na juu yake maji yanang'aa, hiyo ndiyo kipimo chako. Isome pH yake pia, na nadhani utaikuta karibu na 7. Usije ukashawishika kushusha ukali huo kwa maji ya betri au tindikali ya kusafishia vyoo, kwa kuwa tindikali ikikutana na jiki iliyobaki katika maji ya kufulia hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu.

Mchanga wa pwani nao una lake. Mchanga mweupe wa Paje kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Kamulia ndimu juu ya kiganja chake na utauona ukitoa povu. Mchanga huo huongeza ugumu katika maji, na maji magumu ni adui wa sabuni. Tafuta mchanga wa shimo wa ndani ya kisiwa, ujaribu kwa ndimu, na kama umenyamaza uuoshe mpaka maji yake yatoke maangavu. Pipa la lita 200 lenye kipenyo cha sentimita 57, likiachwa lichuje taratibu, hupitisha kiasi cha lita 50 kwa saa. Ukitenganisha maji nilivyoeleza utabaki na lita 1,350 kwa siku za maji ya kufulia na suuzo la kwanza; ukiamua kuyatia shabu na kuyachuja badala ya kuyamwaga shimoni, mapipa manne yatayamaliza kwa saa saba. Chini ya mchanga unaweza kuweka tabaka la makaa ya vifuu vya nazi. Yatapunguza rangi na harufu, ila usiyatarajie yafanye kazi ya makaa ya kiwandani yaliyopitishwa katika mvuke mkali, kwa sababu matundu yake ni machache.

Kuhusu harufu, maji hayo yana chakula cha bakteria, na ukiyafunika yakakosa hewa, wale wanaoishi bila hewa hula salfeti na kutoa gesi ya mayai viza. Shabu na sabuni ya unga zote zina salfeti, kwa hiyo uliwaandalia karamu. Maji ya udobi yasilale zaidi ya siku moja. Yakilazimika kulala, yapulizie hewa kwa pampu kama ya tangi la samaki, maana palipo na hewa bakteria huila hata sabuni yenyewe.

Mama Foronya, Mombasa

Mhandisi amesema yote isipokuwa moja ambalo dobi hulijua kwa mikono. Kaka, kama suuzo lako la tatu ndilo unalotia kilainishi, usilirudishe kufulia. Kilainishi na sabuni ya unga vina chaji zinazopingana, vikikutana vinashikana na kuwa utando wa kunata juu ya nguo, na sabuni yako inakuwa imekufa kabla haijaanza kazi. Mimi niliyarudisha maji hayo kwa wiki mbili nikidhani mashine imeharibika. Tangu niache kilainishi, taulo zangu huzianika penye upepo na kuzikung'uta mara mbili kabla ya kukunjwa, na hakuna mteja aliyelalamika.

Kichujio cha nyuzi si lazima ununue. Soksi ndefu ya kike ikifungwa mdomoni mwa bomba hushika nyuzi, mchanga na hata nywele. Mimi huigeuza nje-ndani na kuiosha kila baada ya mizigo mitatu.

Na uitazame taulo ya ufukweni kabla ya kuitia mashine. Baadhi ya mafuta ya kujikinga na jua, yakikutana na maji yenye chuma, huacha madoa ya rangi ya kutu ambayo jiki huyazidisha badala ya kuyatoa. Taulo hizo zifue peke yake, na maji yake yasiingie kwenye tangi la kurudisha.

Mzanzibari wa Maskati

Ndugu Dobi, mimi si mufti, kwa hiyo haya uyapeleke kwa sheikh wako akuthibitishie. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia lilitoa uamuzi kwamba maji machafu yakisafishwa mpaka yakarudi katika hali yake ya asili, pasibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, yanafaa kujitwaharishia. Hapa Omani kuna misikiti ambayo maji ya udhu hukusanywa na kumwagiliwa bustani, na watu wameshazoea.

Lakini maji yako ya tangi la pembeni hayajarudi katika hali yake ya asili. Yana sabuni. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, maji yaliyobadilishwa na kitu kilicho safi, kama sabuni, yanabaki kuwa safi ila hayaondoi najisi. Na yakiwa chini ya kulateni, ambayo kwa makadirio ni kama lita 200, yakiguswa na najisi yananajisika hata kama hayakubadilika. Mashine yako inachukua lita 75. Shuka lenye damu au mkojo wa mtoto, basi, lisichanganywe na mengine, na maji yake yasirudishwe popote. Kanzu za wazee zikifuliwa kwa maji ya tangi lisiloingiwa na najisi, kisha zikasuuzwa mara mbili kwa maji mapya ya boza, sioni tatizo, ila waambie wenyewe jinsi unavyofua kabla hawajasikia kwa jirani.

Dobi wa Uwandani

Ahsanteni sana. Mama Foronya, ni kweli kwamba kilainishi ninakitia katika suuzo la tatu, nami sikuwahi kulifikiria. Nina swali kwa Mhandisi. Kama chupa ya shabu ikifanikiwa na maji yakatoka maangavu kwenye mchanga, kwa nini nisiyarudishe nayo kwenye mashuka, nikabaki nanunua boza moja kwa mwezi?

Mhandisi Mstaafu

Kwa sababu ya chumvi, ndugu yangu, ambayo huioni. Sabuni ya unga ina chumvi nyingi za sodiamu, na shabu nayo inaacha salfeti. Shabu haiitoi chumvi, mchanga hauitoi, makaa hayaitoi. Tuseme kila mara unapofua unaongeza kibaba kimoja cha chumvi katika maji, na kila mara unamwaga humusi moja tu ya maji, yaani sehemu moja ya tano, na kurudisha yaliyobaki. Mara ya kwanza una kibaba kimoja. Mara ya pili kimoja na humusi nne. Na mrundikano hautasimama mpaka ufikie vibaba vitano. Maji yatakuwa maangavu kama kioo na shuka litatoka gumu kama turubai. Utakuwa umejitengenezea kisima cha chumvi cha pili, tena kwa gharama.

Kwa hiyo maji yaliyopita kwenye shabu na mchanga yatumie kuoshea sakafu, kuloweshea matambara na kusukumia choo, na yanayobaki mwagilia minazi, kwa kuwa mnazi huvumilia chumvi kuliko mimea mingi ya bustani. Usimwagilie mchicha wala chochote kinacholiwa kibichi, na usimwage mahali pamoja kila siku, maana sodiamu huuharibu udongo, na huko kwenu udongo wenyewe ni kiganja kimoja juu ya jiwe. Ukiweza kupata sabuni isiyo na fosfeti wala boroni, chagua hiyo.

Klorini itie mwisho, baada ya kuchuja, kwani ukiitia kwenye maji machafu yote inaliwa na uchafu. Tia kiasi ambacho baada ya nusu saa kitabaki miligramu 0.5 kwa lita. Kwa upande wa mashuka, mlinzi wako mkubwa ni joto, si dawa: hospitali za Uingereza hufua nguo za wagonjwa kwa nyuzi 65 kwa dakika 10, au nyuzi 71 kwa dakika 3. Kama mashine zako zinafika huko, maji ya tangi la pembeni yatumie katika hatua hiyo ya moto bila wasiwasi.

Na kabla hujachimba shimo lolote, peleka mpango wako kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, kwa kuwa kazi yako iko chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2015. Jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo. Utaviona visima vya karibu na pwani vikipanda na kushuka pamoja na maji kujaa na maji kupwa, na njia hiyo hiyo ya chini kwa chini ndiyo itakayoyabeba majitaka yako hadi kwenye kisima cha jirani na kwenye mashamba ya mwani.

Dobi wa Uwandani

Ndugu zangu, zimepita wiki tatu, na nimeona ni haki kuleta majibu.

Mchanga wa pwani ulitoa povu la ndimu kama soda, nimeurudisha ulikotoka. Chupa sita nilizipanga kwenye ukingo wa dirisha la duka. Ya kwanza na ya pili zilibaki maziwa. Ya tatu ilikuwa na vijibonge vilivyoelea bila kuamua kama vinazama au la. Ya nne, yaani miligramu 400 kwa lita, ilijitenga wazi: chini pamba ya kijivu kimo cha vidole viwili, juu maji ambayo niliweza kusoma kupitia kwayo bei zilizoandikwa ukutani. Karatasi ya pH ilionyesha 7. Ya sita ilirudi kuwa na ukungu, nikajua kwamba kuzidisha nako kunaharibu.

Kilainishi nimekiacha. Mzigo mmoja kati ya tisa ninauweka kando kwa mashuka yenye najisi na taulo zenye mafuta ya jua, na huo unakula maji mapya yote 300. Minane iliyobaki inakula 150 kila mmoja, hivyo natumia lita 1,500 kwa siku. Boza lililokuja Jumamosi asubuhi lilikauka Ijumaa jioni. Wazee wa msikiti niliwaeleza. Mmoja aliomba kuliona tangi, akachota kwa kiganja, akanusa, akaondoka akiwa ameniachia kanzu mbili badala ya moja.

Limebaki tope. Kwa gramu 600 za shabu kwa siku ninapata ndoo mbili za uji wa kijivu kila jioni, na sijui niupeleke wapi. Msaidizi wangu alitaka kuumimina kwenye ufa wa jiwe nyuma ya duka, nikamzuia.

Mhandisi Mstaafu

Umefanya vizuri kumzuia. Jenga kitanda cha kukaushia cha mita moja kwa mbili, sakafu ya saruji yenye mteremko mdogo, juu yake kokoto na mchanga, na paa la bati lililoinuliwa ili jua na upepo vipite lakini mvua isiingie. Maji yanayochuruzika yarudishe kwenye tangi la shabu. Mimina tope lisizidi kimo cha kiganja, na kwa jua la huko baada ya siku kadhaa litapasuka vipande kama udongo wa bwawa lililokauka. Vikusanye kwenye gunia na kuvipeleka kwenye jaa rasmi. Usivitie shambani, kwa kuwa vina alumini na mabaki ya mafuta. Jenga vitanda viwili ili kimoja kikauke wakati kingine kinapokea, na anza navyo kabla ya masika.